Nilishindwa Kutaja Sigara, Sasa Mtaa Unamwita Bibi Mchawi

Bi Zuwena, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nyuma ya nyumba ya mama yangu hapa Kolandoto, mtoto wangu amelala kifuani kwangu na anapumua vizuri kabisa, na huko kupumua kwake vizuri ndiko kunakonitia hofu, utaelewa ukisoma. Msaada ninaouomba si wa mapenzi. Nimefanya jambo ambalo hata kwa padri sijalitamka.

Naitwa Hosiana, nina miaka ishirini na mitatu, niliolewa kanisani miaka miwili iliyopita na Donatus, mchimbaji mdogo, kazi yake iko upande wa Bulyanhulu, anashuka duarani, yaani shimo la dhahabu, na kurudi nyumbani Ushirombo kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili. Mimi nilibaki na bibi yake, Bibi Sikujua. Mama mzazi wa Donatus alifariki mume wangu akiwa na miaka mitatu, kwa hiyo bibi ndiye mama anayemjua, na nyumba tunayoishi ni ya bibi, vyumba viwili na sebule. Nisiseme uongo, Bi Zuwena, bibi ananipenda. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wiki nzima, tena bila kumwambia mtu yeyote, ili nisisemwe.

Lakini bibi anavuta sigara. Alianza usichana wake, walipokuwa wakifunga tumbaku huko Bukombe, hajawahi kuacha, na anavuta kama wavutavyo bibi wengi wa huku, upande wenye moto unaingia ndani ya kinywa, moshi unatokea puani. Anavuta akipika, anavuta akisali rozari, macho yake yamekuwa mekundu miaka mingi kwa moshi huo na wa kuni.

Mwanangu Agapiti alizaliwa njiti, wiki ya thelathini na moja, kilo moja na gramu mia nne. Tulikaa wodini wiki tano, nimembeba ngozi kwa ngozi mchana kutwa, nikihesabu kila pumzi yake. Siku ya kuruhusiwa nesi alinikalisha chini akaniambia, mama Agapiti, mapafu ya huyu ni kama ya kifaranga, moshi wa sigara usiingie nyumba anayolala, wala mvutaji asimpakate na nguo zenye harufu ile. Nikasema ndiyo nesi, nimeelewa.

Tukafika nyumbani. Bibi alikuwa mlangoni anapiga vigelegele, sigara mkononi. Akairudisha kinywani, akanyoosha mikono akasema, "Mayu," ndivyo anavyoniita, yaani mama, "nipe mume wangu nimwone." Nikampa. Bi Zuwena, nilimpa! Nilimwangalia akimnusa mtoto shingoni huku moshi unamtoka puani, nami nimesimama na mfuko wa nguo mkononi, mdomo umekuwa mzito. Ningemwambiaje? Ni nyumba yake, ni bibi wa mume wangu, na mimi nyumbani kwetu sikufundishwa kumwambia mkubwa toka.

Nikaanza kujifungia chumbani nikifungua dirisha, lakini bibi anajua mzazi haachwi peke yake, anaingia, anakaa ukingoni mwa kitanda, anawasha. Nikampigia Donatus. Akasema subiri nije nitaongea naye. Akaja Jumapili, akala, akapiga picha na mtoto, bibi akawasha sigara mbele yetu sote na mwenzangu akatazama sakafu. Nikamfinya. Tulipotoka nje akaniambia, "Hosi, yule ndiye mama yangu. Nimwambie nini, atoke ndani ya nyumba yake?" Mchana huohuo akapanda pikipiki akarudi kazini.

Wiki ya tatu mtoto akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kama cha paka. Siku iliyofuata akashindwa kunyonya, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tukakimbia naye hospitali mimi na bibi, bibi amekumbatia chupa ya uji wangu. Wakamwekea oksijeni. Daktari akanigeukia akasema, "Mama, nguo zako zinanuka sigara. Nyumbani anavuta nani?" Bibi alikuwa amesimama hapo hapo, machozi yanamtoka. Nikajibu, "Hakuna, daktari. Ni moshi wa kuni wa jirani, unaingia dirishani."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, nao ulizaa. La sigara bibi alidhani nimemfichia aibu tu, lakini la moshi wa jirani aliliamini. Alirudi nyumbani kunichukulia khanga, akapitia kwa jirani yetu Mama Paschal, akamfokea mbele ya wapangaji wake, kwamba jiko lake la kuni linamwua mjukuu wake. Mama Paschal alifedheheka. Mimi niliambiwa baadaye, na hata hapo sikusema kitu.

Tulikaa hospitali siku nne. Tuliporudi nikaenda bombani kuchota maji, nimechoka, nina hasira, sijui zaidi namkasirikia nani, bibi au Donatus au mimi mwenyewe. Wanawake wakaniuliza, mtoto anaendeleaje? Nikasema kwa sauti, "Yule bibi atamwua mwanangu. Kila akimpakata, mtoto anashindwa kupumua."

Sikutaja sigara. Sijui kwa nini sikutaja sigara.

Maji tu yakawa yanalia ndani ya ndoo. Kisha Mama Paschal akasema polepole, "Tulijua. Macho yale mekundu si ya bure."

Bi Zuwena, mimi ni mtoto wa huku. Nilielewa palepale maneno yangu yameelekea wapi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, jamani, nasema sigara. Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Na hili ndilo ambalo sijalitamka popote: nilinyamaza kwa sababu niliwaza, watu wakianza kusema, Donatus atalazimika kututoa pale. Nilitaka maneno ya watu yafanye kazi ambayo mimi na mume wangu tulishindwa.

Yalifanya. Siku ya pili watu waliacha kuitikia salamu ya bibi. Kwenye jumuiya benchi alilokaa lilibaki na yeye peke yake. Watoto wakawa wanakimbia akipita. Akaniuliza, "Mayu, nimewakosea nini watu hawa?" Nikamwambia sijui. Kisha mchana mmoja alikuja Luka, kijana wa mtaani kwetu, mwaka jana alizika mtoto wake aliyekufa kwa kifua, tangu hapo hajatulia. Alisimama kwenye uzio wetu na wenzake wawili, sigara ameichomeka sikioni, akaniuliza, "Shemeji, ni kweli? Hatutaki maneno mengi. Tuambie ndiyo au hapana."

Sikusema ndiyo wala hapana. Nilisema mtoto analia, nikaingia ndani. Kesho yake asubuhi nikafunga mzigo, nikamdanganya bibi kwamba mama yangu anaumwa. Alinisindikiza mpaka stendi akiwa amebeba begi langu kichwani, mzee wa miaka sabini na nane, na watu wanatupisha njia kama tumebeba maiti.

Leo ni siku ya sita. Mtoto hakohoi tena, ameongezeka uzito. Jana Donatus alipiga simu. Nilifikiri atanigombeza kwa kuondoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hosi, ni kweli tangu umtoe kwa bibi mtoto anapumua vizuri?" Nikasema ndiyo. Kisha akasema wenzake wamemshauri ampeleke bibi kwa mtaalamu, mganga wa kienyeji, akapimwe, ijulikane moja. Bibi yake, aliyemlea! Na ushahidi ni kupona kwa mwanangu.

Nifanye nini? Nikirudi mtoto ataumwa. Nikikaa, bibi yuko peke yake katika nyumba ile na Luka anajua njia. Nikisema ukweli sasa watasema bibi amenifunga mdomo. Nisaidie, nisaidie kabla sijasikia habari mbaya.

Ni mimi, Mama Agapiti.


BI ZUWENA ANAJIBU

Hosiana, barua yako sikuipanga foleni. Niliifungua Jumatatu saa nne asubuhi, chai yangu ikapoa mezani, na saa nne na robo nilikuwa nimeshakupigia simu. Leo ndiyo naichapisha, baada ya wiki tatu, kwa ruhusa yako na ya bibi mwenyewe, majina nimeyabadilisha. Nataka wasomaji wajue nilikwambia nini na yaliyofuata, kwa sababu najua hauko peke yako. Nilikuwa nesi miaka ishirini na sita kabla ya kushika kalamu hii, na kina mama walionidanganya mbele ya kitanda cha mtoto nisingeweza kuwahesabu.

Nianze na haki yako. Hofu yako ilikuwa ya kweli. Moshi wa sigara kwa mtoto njiti si suala la harufu mbaya, ni suala la uhai. Mama anayelinda pumzi ya mwanawe hana dharau, na hakuna mila ya Kisukuma wala ya Kisumbwa inayosema heshima ya mkubwa ilipwe kwa mapafu ya mtoto. Ulikuwa mchanga, umechoka, mume hayupo, nyumba si yako. Nakuonea huruma, tena sana.

Huruma imeishia hapo.

Umemsingizia Mama Paschal moshi wa kuni. Umemdanganya daktari aliyekuwa akihangaika na mwanao, ukamnyima habari aliyoihitaji. Ukamsingizia bibi uchawi kwa kunyamaza. Na hiyo sigara yenyewe, mwenye kosa, wewe na Donatus hamjaitaja hata siku moja mbele ya anayeivuta! Unasema ulimheshimu bibi. Hapana, mwanangu. Ulimwogopa, ukaiita hofu yako heshima. Huku kwetu, binti, vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno mafupi kuliko yale ya bombani. Wewe ulilijua hilo ukajitwika ndoo.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwenye simu halikuwa la mtoto. Nilikuuliza, "Bibi yuko na nani leo?" Ukasema peke yake. Nikakwambia usilie, kata simu hii, mpigie katekista wenu, halafu mwenyekiti wa mtaa, useme kwa kinywa chako: mimi Hosiana nilisema maneno, yalikuwa ya sigara, hayakuwa ya uchawi, na sasa bibi yuko hatarini. Ulifanya hivyo. Katekista Ansgar na mkewe walikwenda saa sita mchana wakamchukua bibi nyumbani kwao, wakitembea naye katikati ya barabara, mke amemshika mkono. Mwenyekiti akatoa taarifa polisi, wakaja wakazungumza na Luka na wenzake. Hayo ndiyo yalitakiwa yafanyike kwanza, na msomaji yeyote mwenye mzee anayenyooshewa vidole asisubiri barua gazetini.

Donatus nilimpigia mwenyewe. Alipokea kwa adabu, shikamoo mama, marahaba. Nikamuuliza, "Baba Agapiti, mkiwa duarani mwenzenu akaanza kushindwa kupumua, mnamtafuta mchawi?"

"Hapana mama. Tunajua hewa ni mbaya. Tunamtoa juu."

"Na akifika juu akapata nafuu?"

"Ndiyo tunajua ilikuwa hewa."

"Basi mwanao alitolewa duarani akapelekwa Kolandoto. Huyo mtaalamu unamtafutia nini?"

Kisha nikasikia mwanamume mzima anavuta kamasi. Akasema, "Mama, niliogopa kumwambia aache. Ikawa rahisi kuamini lile lingine." Donatus, ninajua utasoma hapa. Nakuheshimu kwa kulikiri. Lakini uliona rahisi kumpeleka mwanamke aliyekulea akapimwe uchawi kuliko kumwambia, bibi, zima sigara. Kalifikirie hilo kila ukishuka kwenye kamba.

Siku ya Alhamisi mlikusanyika uwanjani kwa mwenyekiti, saa tisa alasiri. Wewe, mama yako aliyekushikia mtoto, Donatus, bibi kati ya katekista na mkewe, nesi wa zahanati na watu wa mtaa. Ulisimama mbele yao. Ulisema, "Jamani, mimi ndiye niliyesema bibi atamwua mwanangu. Nilimaanisha moshi wa sigara yake. Niliona mmenielewa vingine nikanyamaza makusudi. Bibi hajamfanyia mtu ubaya. Na wewe Mama Paschal, moshi wa jiko lako nilikusingizia mimi, bibi aliletewa uongo wangu. Nisamehe."

Mama Paschal alifunga khanga yake upya akatazama pembeni, na hiyo ni haki yake.

Luka ndiye aliyesimama. "Shemeji, juzi ulikataa kusema. Leo unasema. Tutajuaje hujatishwa?"

Nesi akajibu kabla yako. Akaeleza jinsi mtoto njiti anavyobanwa kifua kwa moshi, jinsi anavyofungua akiondolewa, akasema hata angehamishiwa nyumba ya pili tu, isiyo na mvutaji, angepata nafuu ileile. Watu walikuwa wanasikiliza. Luka alikuwa amesimama bado. Uliniambia mkono wake ulipanda sikioni ukaishusha ile sigara, akaishika, haiwashi.

Akamuuliza nesi, "Na wangu? Alikuwa na miezi miwili. Mimi nilikuwa navutia ndani, mvua zilikuwa nyingi."

Nesi yule, Mungu ampe maisha marefu, hakusema la kumfurahisha wala la kumponda. Alisema, "Luka, sikumtibu mwanao, siwezi kukwambia kilichomwua. Watoto wengi wanakufa kwa kifua hata pasipo mvutaji. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemloga."

Luka akakaa chini mavumbini, kichwa kati ya magoti. Mwaka mzima alikuwa anatafuta mtu wa kumbebesha msiba ule. Na aliyeinuka kwenda kwake, kama ulivyonisimulia, alikuwa bibi. Aliuachia mkono wa mke wa katekista, akaenda taratibu, akamwekea kiganja kichwani. Hakuna aliyemzuia. Wale wenzake wawili waliondoka.

Jioni ile, jua bado liko juu, ndipo ulipomwambia bibi ana kwa ana yale uliyotakiwa kumwambia siku ya kwanza mlangoni. Alikusikiliza mpaka mwisho. Kisha alikasirika, tena vibaya, na nilifurahi kusikia hivyo, maana mtu anayekasirika bado anakuhesabu kuwa wake. Alisema, "Mayu, nimelea watoto tisa, wanne wamekufa mikononi mwangu. Ningeambiwa nikavutie chooni, ningevutia chooni. Ulidhani kati ya sigara na Agapiti nitachagua nini? Mnanipa moyo mbaya nisiokuwa nao, halafu mnanitoroka nao!" Akalia, ukalia, Donatus akapiga magoti mbele yenu hajui amshike nani.

Hapo wengi wangependa nimalize. Simalizi, kwa sababu mambo hayajakaa sawa na mtoto bado anapumua kwa mapafu yaleyale.

Mmerudi wote nyumbani kwa bibi, na bibi hajaacha sigara. Alijaribu siku tatu, akatetemeka, akafoka, akavunja kikombe, siku ya nne akawasha. Usimdhihaki. Ametumia sigara miaka zaidi ya sitini, mwili wake umezoea, na nesi ameahidi kumsaidia apunguze kidogo kidogo. Lakini Agapiti hangoji bibi amalize kupunguza. Kwa hiyo sigara haiwashwi ndani ya nyumba ile tena. Wala sebuleni na mlango wazi, wala dirishani, wala kizingitini mvua ikinyesha. Moshi haujui dirisha ni njia ya kutokea tu. Mnasema Donatus amemjengea bibi banda la nyasi nyuma ya jiko, na kiti ameweka. Vizuri. Huko ana khanga na gauni la kuvutia, anavivua huko, anasukutua, ananawa mikono na uso, anakaa kwanza kama nusu saa akipumua hewa safi, ndipo anaomba mtoto. Jiko la kuni nalo lisipikiwe mnapolala. Na ikitokea siku umesikia harufu ndani, huendi bombani, huendi kwa mama yako. Unakwenda kwa bibi, unachuchumaa kama ulivyolelewa, unasema, "Bibi, shikamoo, sigara imeingia ndani, naomba uitoe." Sentensi moja tu hiyo. Ilikuwa na urefu huohuo tangu mwanzo.

Mtoto akianza kupumua haraka, mbavu zikaingia ndani, au akikataa ziwa, usingoje kesho, na daktari akikuuliza nyumbani anavuta nani, umtaje anayevuta hata kama amesimama pembeni yako analia. Daktari si mahakama.

Kuhusu watu. Unaniambia wapo ambao bado hawaitikii salamu ya bibi, na Mama Paschal amehamisha njia asipite kwenu. Ulitegemea nini? Neno la uchawi linatoka mdomoni kwa pumzi moja, kulirudisha kunachukua miaka. Kuomba radhi uwanjani ulikuwa mwanzo. Kwa Mama Paschal utakwenda tena, peke yako, bila mashahidi, na akikufungia mlango utakwenda wiki inayofuata. Donatus atakuwa anarudi kila Jumamosi, siyo kila baada ya wiki mbili, mpaka mwenyekiti aseme mtaa umetulia. Na bibi asiachwe peke yake nyumbani hata mchana mmoja.

Uliniuliza kwenye simu mara ya mwisho kama sasa unaweza kukaa na amani. Amani ya nini, Hosiana, wakati mzee wako bado anapishwa njia? Nitakupa kazi badala yake. Jumatano ni siku ya kliniki. Wanawake wa mtaa mzima watakuwa kwenye mabenchi pale zahanati, Mama Paschal akiwa na mjukuu wake miongoni mwao. Wewe utabeba kadi na mwavuli tu. Agapiti atabebwa na bibi, ameoga, amevaa gauni lake la kanisani. Jina la mtoto likiitwa, wewe ubaki umekaa. Bibi Sikujua ndiye atakayeinuka, apite katikati yao wote, akamweke mjukuu wake kwenye mizani.